Marahaba kwa Chaki

Ninaandika haya nikiwa na sauti. Naanza na hilo kwa ajili yako wewe unayesoma ukiwa kwenye benchi la hospitali, unasubiri kuitwa jina, usije ukaogopa katikati. Sauti yangu si ile ya zamani. Ina mkwaruzo, na asubuhi za ukungu mzito inachelewa kutoka. Lakini ipo.

Mimi nimeishia darasa la saba, na sikufaulu vizuri. Usitafute humu maelezo ya kitaalamu. Mengine huenda niliyaelewa vibaya, maana nilikuwa naambiwa huku nalia. Nimejaribu nisimwonee mtu yeyote. Mume wangu Elia aliposoma mwanzo huu alisema, "Mbona unamtetea aliyekulea?" Sijui. Inawezekana. Nimemtetea miaka mingi, na kitu ulichokizoea hukioni unapokifanya.

Tunaishi Magamba, juu ya mji wa Lushoto, pale mashamba yanapogusana na msitu. Elia anapasua mbao. Mimi nalima kabichi na karoti, na tuna ng'ombe mmoja wa maziwa tunayemlisha bandani. Majani yake ni ya guatemala, nayakata kwenye kingo za matuta. Mtoto wetu ni mmoja, Tumaini, ambaye mwaka ule alikuwa darasa la nne.

Ilikuwa masika. Nilikuwa napandikiza kabichi wakati Danieli alipokuja na bodaboda kutoka Bungu, amelowa mpaka soksi. Danieli ni mtoto wa Mjomba Stefano. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, baba akaenda kwenye mashamba ya mkonge asirudi, na Mjomba ndiye aliyenichukua na kunilea pamoja na Danieli. Kwa hiyo huyu ni kaka yangu, sina mwingine.

Alikunywa chai, akasema, "Dada, mzee hali si nzuri. Kisukari kimempiga mguu, kidonda hakifungi. Na macho nayo yanamwacha."

"Maskini. Pole sana."

"Tumekaa kikao. Tumeona aje kwako, hospitali ya Lushoto iko karibu, awe anasafishwa kidonda. Si sasa. Baridi ya huku itammaliza. Ukungu ukiisha, mwezi wa tisa hivi, nitamleta."

"Karibuni sana," nilisema. "Hapa ni kwake." Halafu nikacheka. "Ila ataninyuka nikichelewesha chai!"

Danieli naye akacheka. Tulicheka mpaka Elia akatoka nje na taulo shingoni kuuliza kuna nini. Tukamwambia hakuna kitu, ni mambo ya utotoni tu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa bandani nakamua. Tumaini alisimama uani na begi lake, akaita kama kila siku: "Mama, shikamoo!"

Nikafungua mdomo niitikie. Hakuna kilichotoka. Si kwamba koo liliniuma. Hewa ilipita tu, kama unapopuliza moto.

"Mama? Shikamoo."

Nikajaribu tena. Hakuna. Alisubiri kidogo, akadhani sijamsikia au nimekasirika, akaondoka. Nilimwona kupitia upenyo wa mbao za banda akishuka njia ya miti ya miwati, anageuka nyuma, anatembea, anageuka tena. Nikaacha ndoo. Nikakaa chini kwenye majani ya ng'ombe, mwili mzima ukitetemeka. Nilijiuliza: mafua yamekukamata koo, sawa, sasa kutetemeka ni kwa ajili ya nini? Mtoto kwenda shule bila kuitikiwa salamu ni jambo la kumtoa mtu mzima jasho?

Sikuunganisha hata kidogo na habari za Danieli. Nakueleza hivi kwa sababu huenda na wewe kuna kitu hujakiunganisha, na watu watakushangaa ulikuwaje huoni. Mimi sikuona.

Tulianza na tangawizi. Mama Hadija, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, akaleta asali ya msituni na ndimu, akaniamuru nisukutue. Aliporudi na kunikuta vilevile alisema, "Basi wewe umepatwa na jicho. Kabichi zako zile zimewakera watu." Nikacheka. Akanikazia macho. "He! Kucheka unacheka kwa sauti!"

Kweli. Nilikuwa nakohoa kwa sauti na kucheka kwa sauti, lakini neno halitoki. Nilibaki na mnong'ono, na asubuhi hata huo haukuwepo. Elia alianza kuniangalia kwa jicho ambalo sikulipenda. Simlaumu. Ungekuwa wewe, mkeo anakohoa vizuri kabisa lakini hasemi na wewe, ungefikiri nini?

Tumaini ndiye aliyeleta chaki. Vipande vidogo vya kuokota darasani. Nikawa naandika kwenye mlango wa jikoni, upande wa ndani, maana mbao zake ni nyeusi kwa moshi na chaki inaonekana vizuri. "Chumvi imeisha." "Mwambie baba majani." Mara moja Elia alirudi amechoka, akasoma nilichoandika, akachukua chaki akanijibu kwa maandishi: "Nimesikia." Tumaini alianguka kwa kicheko. "Baba! Wewe unaweza kusema!" Elia mwenyewe akabaki ameishika ile chaki, haya imemjaa. Siku hiyo tulikuwa na furaha kidogo.

Neno la kwanza kabisa niliandika juu kabisa ya mlango, herufi kubwa: MARAHABA. Asubuhi Tumaini alikuwa anapita jikoni, anasema shikamoo, mimi nanyoosha kidole juu, anasoma, anakwenda. Hilo neno halikufutwa na mtu. Mengine yote tulifuta.

Hospitali ya wilaya tulikwenda mvua zilipopungua. Daktari alikuwa kijana mpole, aliniamkia yeye kabla sijamnong'onezea shida yangu, akaniangalia koo kwa tochi na kioo, akanipa dawa. Zilipokwisha bila mabadiliko akanipa barua ya kwenda hospitali kubwa, chini, kwa daktari wa koo. Tuliteremka milima na Elia, nikatapika kwenye kona zile mpaka Mombo. Huko nilikaa kwenye benchi mchana kutwa na watu waliofungwa shingo, watu wenye mirija, mzee mmoja aliyekuwa anazungumza kwa kuziba tundu kwa kidole. Nilimtazama nikasema moyoni, basi na mimi ndiko ninakoelekea. Nilikuwa karibu kufurahi. Ugonjwa unaoonekana unamtetea mtu.

Walinipitishia waya wenye kamera puani. Daktari, mama wa makamo, akatazama sana, akasema, "Koo lako ni zima, mama. Kila kitu kinacheza kama kinavyotakiwa."

Machozi yakanitoka. Nadhani alifikiri ni ya furaha.

Njiani kurudi Elia hakusema neno mpaka tulipopita maporomoko. Halafu akasema taratibu, bila hasira, "Raheli, kama kuna jambo nimekukosea, niambie tu." Hilo liliniuma kuliko kama angenigombeza. Hakuwa amenikosea kitu. Nilimwandikia kiganjani kwa kidole: hapana. Sijui kama alisoma.

Wakati wa baridi ulikuwa mgumu. Ukungu unakaa mpaka saa nne, nguo hazikauki, moshi unabaki ndani. Nilikonda mpaka sketi nikawa nazifunga kwa kamba. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Shingo ilikaza kama mtu aliyebeba mtungi, hata nikiwa nimelala. Usingizi ulikuja na kunitoroka. Na nilianza jambo jingine: nilikuwa napotea. Naweka sufuria ya maharage motoni, nakuja kushtuka yameungua na mimi nimesimama palepale na mwiko. Sikuwa nawaza kitu. Nilikuwa sipo.

Mwalimu wa kwaya yetu ya kanisani alinifanyia jambo ambalo sitalisahau. Nilimpelekea ujumbe kwamba nataka kurudisha sare, kuna binti anaweza kuvaa. Akaja nyumbani mwenyewe. "Sare kaa nayo. Jumapili uje, usimame pale pako, ufungue mdomo tu. Nafasi yako nikiijaza leo, kesho nitamtoaje yule niliyemweka?" Nikawa nasimama katikati ya sauti za pili, nafungua mdomo na kufunga. Kanisa zima lilijua. Hakuna aliyecheka.

Daktari kijana ndiye aliyesema niende chumba cha mwisho. Pale hospitalini kwetu kila mtu anajua chumba cha mwisho ni cha nini. Nilikwenda na Elia, nimejifunika kanga mpaka puani. Kwenye benchi la nje alikuwepo kaka mmoja anayekula mapeasi, akanisogezea nafasi.

"Umekuja kumsindikiza mtu au ni mwenyewe?" aliniuliza.

Nikajionyesha kifuani.

"Basi toa hiyo kanga, hutapumua. Mimi ni kichaa mwenye kadi, hii hapa. Wewe bado unaomba." Akanipa peasi moja. Nilicheka, na kilikuwa kicheko cha kweli.

Ndani alikuwepo muuguzi, Sista Rehema, mtu wa kunizidi miaka kidogo. Hakuniangalia koo. Aliuliza ninalalaje, nakula nini, nani yuko nyumbani. Mimi nanong'ona, Elia anarudia kwa sauti. Halafu akaniuliza kidole changu cha mkono wa kushoto, hiki kilichopinda, kilipatwa na nini.

Nikacheka. "Nilianguka mtoni nikiwa mtoto," nikanong'ona. "Nachota maji kwa mjomba."

Elia akafungua mdomo arudie, akasita. Akanigeukia. "Mto gani?"

Nikamtazama.

"Pale kwa mjomba wako Bungu nimefika mara nyingi. Maji ni ya bomba la kanisa, na zamani ilikuwa chemchemi ile ya mgombani. Mto uko wapi wa kuanguka?" Hakuwa ananibana, jamani. Alikuwa anauliza tu, kama mtu anayeuliza njia.

Nilitaka kumjibu. Nikautafuta ule mto kichwani. Nilikuwa nimeusimulia miaka yote, kwa walimu, kwa wasichana wenzangu, kwake yeye mwenyewe tulipokuwa wachumba. Niliijua baridi yake. Nikatafuta njia ya kuufikia kutoka uani kwa Mjomba, sikuipata. Hakukuwa na njia kwa sababu hakukuwa na mto.

Sista Rehema alisubiri. Halafu akasema, "Umecheka kabla ya kujibu. Kwa nini ulicheka?"



Haya sasa nitayasema kwa kifupi, maana hata kuyaandika kunanikaza shingo. Kwa Mjomba Stefano watoto tulimwamkia asubuhi akiwa amekaa kwenye kiti chake barazani, kabla ya shule. Ilikuwa lazima shikamoo iwe safi: isiwe ya haraka, isiwe ndogo, isiwe na usingizi ndani yake. Akiridhika aliitikia marahaba. Asiporidhika alinyamaza tu, anatazama migomba. Shikamoo ambayo haikuitikiwa maana yake jioni utapigwa. Kwa hiyo ulikwenda nayo shule. Ulikaa nayo kwenye hesabu, ulikaa nayo kwenye uji, ulirudi nayo. Nilikuwa naifanyia mazoezi njiani kwenda chooni, kimoyomoyo, nikitafuta iliyo safi. Na sikujua kamwe safi ni ipi, maana ileile ya jana leo ilikataliwa.

Kidole alikivunja kwa mpini wa jembe. Nilikuwa nimeweka mkono kukinga kichwa.

Nisimwonee. Watu wa upande wa baba walinikataa, yeye akanichukua. Ada na sare sikukosa. Nilipougua malaria kali alinibeba mgongoni mpaka zahanati, na nakumbuka harufu ya koti lake, nakumbuka alikuwa anasali. Alikuwa mzee wa kanisa na watu walimtegemea kusuluhisha. Yote hayo ni kweli. Nilimweleza Sista Rehema yote hayo, na akaniambia, "Umeona? Kila jambo baya unalolitaja, unalifunika haraka na zuri. Mazuri yake yaache yawe mazuri. Lakini hayajafuta kitu. Yakae kila moja mahali pake."

Kwa miezi ile ya baridi nilikwenda kwake kila baada ya wiki mbili. Nitasema nilivyoelewa. Aliniambia mtoto anayepigwa na mtu anayemlisha hana pa kukimbilia, kwa hiyo anakimbilia ndani. Mwingine anasema alistahili. Mwingine anafanya kichekesho. Mwingine anahama mwili wake, anauacha upigwe peke yake. Mwingine anajitengenezea mto. "Haukuwa ujinga," alisema. "Ulikuwa unajikinga kama ulivyokinga kichwa. Kidole kilivunjika, lakini kichwa kilipona. Shida ni kwamba mkono bado uko juu, na wewe umeshakuwa mama wa mtu."

"Na sauti?" nilinong'ona.

"Danieli alikuja kukuambia nini, siku ile kabla haijaondoka?"

Nje yule kaka wa mapeasi alikuwa anagombana na mtu kuhusu zamu. Nikaiona asubuhi ya mwezi wa tisa: Mjomba kwenye kiti barazani kwangu, mimi mbele yake na chai. Na Tumaini nyuma yangu na begi lake, akisubiri zamu yake ya kuamkia.

Mazoezi aliyonipa yalikuwa ya kuguna na mdomo umefungwa, na kuvuta pumzi mpaka tumboni. Nilikuwa naguna nikikata majani. Neno la kwanza halikutoka kwenye zoezi. Nilikuwa nakamua, ng'ombe akanikanyaga mguu kwa uzito wake wote, nikapiga kelele, "Sogea wewe!"

Tumaini alikuja mbio. "Mama, umesema!"

Nikajaribu tena. Likatoka kama kwaruzo la mlango. "Nimesema."

"Ng'ombe! Ng'ombe ndiye umemsemesha wa kwanza, kabla yangu!" Alikuwa analia na kucheka. Alikasirika kweli, siku nzima akawa anamwita ng'ombe yule mpendwa wa mama.

Sauti ilikuja vipande vipande. Elia naye tulipitia kipindi kibaya. Nilipomweleza yote alisema kwanza, "Lakini nani hakupigwa? Baba yangu alinipiga mpaka nikazimia." Akaenda kazini. Aliporudi, tope miguuni, alisimama mlangoni akasema, "Nimewaza kutwa. Niliposema nilizimia, nilisema kama nasifia." Tangu hapo hatukubishana.

Danieli alipiga simu mawingu yalipoanza kupanda. Mzee yuko tayari, atamleta wiki ijayo. Nikiwa na simu sikioni nilisikia sauti yangu ikifungwa, kabisa, kama mtu amezima bomba. Nikampa Elia simu. Elia akasema, "Shemeji, njoo kwanza peke yako. Tuna maongezi."

Alikuja. Tulikaa jikoni kwa sababu ya baridi. Nilinong'ona, na pale nilipokwama niliandika mlangoni. Niliandika: MZEE HATALALA HAPA.

Danieli alisoma, akaweka kikombe chini. "Dada, tulipigwa wote. Mimi nilipigwa kuliko wewe. Mbona mimi nasema?"

"Unasema," nilinong'ona. "Mkeo ananiambia unashtuka mlango ukigongwa."

"Mke wangu ana maneno mengi." Akainama, akawa anachokonoa majivu kwa kijiti. Alikaa hivyo mpaka Elia akaanza kuinuka atuache, Danieli akamshika suruali asiondoke. "Ngoja, shemeji, na wewe usikie. Unajua mimi asubuhi zile nilikuwa naomba nini? Nikisikia wewe umeamkia na yeye amenyamaza, moyo wangu unashuka, napumua. Maana kwa kawaida alikuwa anampiga mmoja tu. Nakwenda shule naruka. Nafurahi ni wewe." Akatupa kijiti motoni. "Nimekuwa mzee wa kanisa sasa, na bado nikikuona nakumbuka nilivyokuwa nafurahi. Ndiyo maana nakuja na utani kila mara."

Nilimshika bega. Tulikuwa watoto wawili pale, hakuna aliyemkosea mwenzake.

Akasema atamtafutia mzee mahali mjini, kwa ndugu wa mkewe, karibu na hospitali. "Kwenye ukoo nitasema mimi. Nitasema dada anaumwa. Si uongo." Halafu mlangoni akageuka. "Ila siku moja uje umwone. Si kwa ajili yake. Ukoo watasema."

Nilikwenda. Si kwa ajili ya ukoo, nadhani. Nilitaka kujua kama sauti ni yangu au ni yake. Sista Rehema hakuniambia niende wala nisiende. Alisema nikitaka kuondoka katikati, niondoke. Tumaini nilimwacha shule.

Ilikuwa asubuhi ya jua, ya kwanza baada ya baridi. Nje ya chumba cha kusafishia vidonda benchi lilikuwa limejaa. Niliwaamkia wazee walioketi pale, shikamooni, na sauti ikatoka, ina mkwaruzo lakini imetoka. Wakaitikia. Mjomba alikuwa mwisho wa benchi na Danieli pembeni yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mwingine. Huyu alikuwa mdogo. Koti ni lile, lakini mabega hayakulijaza. Macho yalikuwa na utando, yanatazama ukutani.

"Baba," Danieli alisema, "Raheli amekuja."

Mjomba akainua uso. Akakaa sawa, mikono juu ya fimbo, akasubiri. Kusubiri kule nilikufahamu. Nikavuta pumzi mpaka tumboni kama nilivyofundishwa. Benchi zima likanyamaza, maana mtu anaposubiri salamu namna ile kila mtu anasikia.

Halafu yeye mwenyewe, kana kwamba nimeshasema, akaitikia:

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Laiti ningepewa hiyo siku moja tu, nikiwa na begi langu barazani. Nilisikia machozi, na nyuma ya machozi nikasikia sauti inapanda.

"Sijakuamkia, Mjomba."

Mama mmoja wa benchini alisema "Heh!" na kujifunika mdomo.

"Unasemaje?"

"Nimesema sijakuamkia bado."

Fimbo yake ikasogea, ikagonga sakafu kidogo. Niliona mwili wangu ukitaka kuhama. Nikaubakiza palepale. "Umekuja kunitukana mbele za watu?" aliuliza. "Mimi niliyekulea?"

"Hapana. Ulinilea, nashukuru, na nitashukuru siku zote. Nimekuletea maziwa. Lakini kidole changu ulikivunja wewe."

"Ulianguka mtoni," alisema haraka. Haraka mno. Wala hakuuliza kidole gani.

Kumbe mto ule haukuwa wa kwangu peke yangu. Tulikuwa nao wote wawili.

"Mto gani, Mjomba?"

Alifungua mdomo. Macho yale yenye utando yakawa yanatafuta, yanakwenda huku na huku ukutani, na nilijua anautafuta, kama nilivyoutafuta mimi. Mlango ukafunguka, wakaita jina lake. Danieli akamwinua. Alipita mbele yangu karibu kabisa, akasimama kidogo, nikadhani atasema. Akaingia ndani.

Nilimwachia Danieli chupa ya maziwa. Nikapanda kurudi Magamba kwa miguu, njia nzima, nikiguna.

Mjomba alifariki msimu wa matunda ya plamsi, mvua za vuli zikiwa zinamalizika. Hakunijibu. Danieli anasema siku za mwisho alikuwa anauliza kama maji ya mtoni yamejaa, wakadhani ni homa. Sitaki kulipa jambo hilo maana kubwa. Labda ilikuwa homa. Nililia msibani, nililia sana, na watu wakasema ona alivyompenda mjomba wake. Walikuwa sahihi kiasi. Niliimba na kwaya, sauti ya pili, nyimbo zote isipokuwa ya kaburini. Hiyo nilifungua mdomo tu.

Kama unangoja niseme nimepona, siwezi kusema hivyo. Bado nacheka mahali pasipo pa kucheka, ila sasa najisikia nikicheka. Bado maharage yanaungua. Nilichopata ni kwamba nikipotea najua nimekwenda wapi, na najua njia ya kurudi.

Kabla ya Krismasi Elia alipaka rangi milango yote. Ule wa jikoni alipaka upande wa nje tu. Ndani ameuacha na weusi wake, na juu kabisa neno lile lipo, limefifia kwa moshi. Tumaini hahitaji tena kulisoma. Asubuhi anapita na begi, bado ana usingizi, kiatu kimoja mkononi, na shikamoo yake inatoka nusu, imeviringika na miayo, ndogo, chafu kabisa. Namwitikia kabla hajaimaliza.